Maji Yalivyochemka Kapsokwony

Daktari Agneta Nangila hakuwakataza wanafunzi wake kutumia akili unde. Jambo hilo lilinishangaza nilipohamia bewa letu la Kitale kusimamia maabara ya fizikia, kwa maana wakati huo vyuo vingi vilikuwa vikitoa makatazo tu, na wanafunzi wakiyavunja simu zikiwa mapajani. Yeye alikuwa na sharti moja. Mwanafunzi wa ualimu akiiuliza mashine chochote kuhusu somo atakalofundisha, ataambatisha mwishoni mwa kazi yake maswali aliyouliza, majibu aliyopewa, na maelezo ya jinsi alivyoyajaribu majibu hayo kwa mikono yake mwenyewe. Wanafunzi waliziita kurasa hizo "maungamo", na mizaha haikukosekana.

"Bwana asifiwe, Madam," mmoja alimwambia siku moja akiingia maabara. "Nimekuja kuungama. Nimeiuliza mashine mara mbili."

"Toba ipeleke kanisani," Nangila akamjibu bila kuinua uso. "Hapa nataka kujua kama ulijaribu."

Mimi ni mtu wa utaratibu. Katika chuo cha ualimu nilichosomea, andalio la somo liliandikwa kwa kalamu, likapigiwa mistari kwa rula, na mwalimu akaweza kueleza kila neno lililomo. Kwa hiyo sharti la Nangila sikulipenda mara moja. Lakini nilimwona akizisoma kurasa hizo zote, moja baada ya nyingine, akiandika pembeni kwa penseli. Nilimwona pia akisimama mbele ya darasa na kuonyesha maswali aliyoiuliza mashine yeye mwenyewe alipokuwa akiandaa mhadhara, na mahali ilipompotosha, na jinsi alivyogundua. Nimefanya kazi na wahadhiri wengi. Sikuwa nimemwona mwingine akiweka makosa yake ubaoni ili wanafunzi wajifunze njia ya kutoka humo.

Katikati ya muhula ikaja amri ya idara. Aliyeitoa ni mwenyekiti wetu, Bwana Wakoli, mwanahistoria mwenye sauti ya chini na msimamo mgumu. Hakuitoa kwa chuki. Alikuwa ametembelea shule moja upande wa Tongaren kumkagua mwanafunzi wetu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, akamkuta anasoma somo kutoka kwenye simu huku watoto wakinakili. Ubaoni, juu kabisa, kijana alikuwa ameandika kwa chaki: "Bila shaka! Hili hapa andalio la somo uliloomba." Watoto nao walikuwa wameyanakili maneno hayo na kuyapigia mstari, wakidhani ndiyo mada.

"Nilitoka nje nikasimama kwenye mahindi," Wakoli alituambia mkutanoni. "Nilijiuliza tunawapelekea wazazi walimu gani."

Hakuna aliyecheka. Amri ikapita: kazi yoyote iliyotumia akili unde ingepewa sifuri.

Wiki ya kukusanya kazi za mwisho ilipofika, kila mwanafunzi alikuwa amekwisha kuyanyofoa maungamo yake. Kila mmoja, isipokuwa Jotham Kigen.

Kigen alikuwa kijana mrefu kutoka Kapsokwony, mwenye kuongea polepole. Mazoezi yake aliyafanya katika shule iliyo juu zaidi ya soko la huko kwao, shule ambayo haikuwa na mwalimu wa fizikia hata mmoja. Alipomaliza, mwalimu mkuu alimwomba aendelee kuwasaidia kidato cha tatu siku ambazo hana mihadhara, na akamwahidi kumwajiri mara tu atakapohitimu. Mwalimu wa dini ndiye aliyelishikilia darasa hilo siku nyingine, naye alikuwa akiwasomea kitabu tu. Sifuri ingemrudisha Kigen nyuma mwaka mzima, na chuo hakingemruhusu kuendelea kwenda huko. Darasa lile lingefika kwenye mtihani wa taifa bila mwalimu.

Nilikuwa nikipanga chupa za kioo kabatini niliposikia Viola, mwanafunzi mwenzake, akimkaripia upande wa pili wa kabati.

"Kigen, wewe ni mjinga ama ni nini? Si utoe tu hizo karatasi bana! Sisi wote tumetoa."

"Nikizitoa, somo halitaeleweka."

"Halitaeleweka aje? Andika matokeo, weka jina, peleka. Nani atajua?"

"Itaonekana ati nilijua tangu mwanzo," Kigen akasema. "Na mimi sikujua. Nilikosea kwanza."

"Sasa unataka kufeli ndio watu wajue ulikosea?"

Kigen akakusanya karatasi zake, akaondoka. Baadaye alikuja mezani pangu, akaniwekea kazi yake kwa mikono miwili, kurasa za mwisho zikiwa zimebanwa pamoja na nyingine.

"Hii ndiyo yangu, Mwalimu."

"Amri ya mwenyekiti umeisoma?"

"Nimeisoma, Mwalimu."

Nikaipokea.

Kamati iliyoketi ilikuwa ya watu watatu: Bwana Wakoli, Daktari Nangila, na mimi nikiwa katibu. Chumba cha mikutano cha idara kina meza ndefu, na pembeni jiko dogo la gesi la kupikia chai. Sufuria ilikuwa tayari motoni, kwa sababu Wakoli haanzi mkutano bila chai.

"Hili halitachukua muda," alianza, akiifungua kazi ya Kigen. "Ametumia mashine, na ameungama mwenyewe. Sheria iko wazi. Isitoshe, hata alichopewa na mashine amekiharibu. Mashine imemwambia maji huchemka kwa nyuzi mia moja, jambo analolijua kila mtoto. Yeye ameandika tisini na tatu! Kijana anayemaliza chuo hajui kusoma kipimajoto?"

Nilimtazama Nangila. Mtu mwingine angekimbilia kumsahihisha mkubwa wake. Yeye aliinuka, akaenda kuitazama sufuria, akasema, "Mwenyekiti, chai yako inakaribia. Mwalimu, tafadhali utuletee kipimajoto."

Nikaleta. Maji yalikuwa yanatokota kwa kishindo, mapovu yakirukia ukingoni. Nangila alikitumbukiza kipimajoto, akampisha Wakoli akisome mwenyewe. Mwenyekiti alivaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hakifiki tisini na nne," alisema. "Mwalimu, kipimajoto chako kimeharibika."

"Wanafunzi wa Kapsokwony walisema vivyo hivyo," Nangila akajibu kwa upole.

Nikaleta kingine, kipya, kutoka kwenye kisanduku ambacho hakijafunguliwa. Nacho kikasimama pale pale. Wakoli akaongeza moto. Mapovu yakaongezeka, chumbani kukajaa mvuke, lakini ule mstari mwembamba haukupanda.

"Kitale iko juu, Mwenyekiti. Hewa yetu ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama ile ya pwani, kwa hiyo yanachemka mapema. Kapsokwony iko juu zaidi. Sasa naomba nikusomee hizo kurasa unazotaka kumhukumia."

Akasoma. Ninazo nakala zake, kwa kuwa nilizinukuu katika kumbukumbu za mkutano. Kigen alikuwa ameandika hivi:

"Swali la kwanza nililouliza: Niandalie somo la kidato cha tatu kuhusu kuchemka kwa maji. Jibu lilikuwa refu na lenye mpangilio mzuri. Lilisema kipimajoto kitasimama kwenye nyuzi mia moja, na kisiposimama hapo mwalimu akibadilishe. Niliamini. Sikujaribu kabla ya kuingia darasani. Mwaka wa pili nilisoma kwamba mahali pa juu maji huchemka mapema, na nikapita mtihani huo. Sikukumbuka kwamba ninaishi mahali pa juu.

"Darasani kipimajoto kilisimama kwenye tisini na tatu. Watoto wakasema kimeharibika. Nikaazima kingine shule ya jirani, kikasema tisini na tatu. Nikawaambia watoto kwamba vipimajoto viwili haviwezi kusema uongo mmoja, na kwamba mimi ndiye niliyekosea, sijui wapi.

"Swali la pili: Niko Kapsokwony, kwenye Mlima Elgon. Kwa nini maji yangu hayafiki mia? Mashine iliomba radhi, ikaeleza habari ya hewa, ikakadiria tisini na tatu. Kumbe ilikuwa na jibu hilo tangu mwanzo. Mimi ndiye sikuiambia niko wapi."

Nangila aliziweka kurasa mezani. Wakoli alitia majani kwenye sufuria, akajimiminia chai.

"Basi leo nimejifunza fizikia," alisema hatimaye. "Asante. Lakini, Daktari, bado hujanijibu. Hapa naona mashine inajua. Naona pia kijana anajua kuandika vizuri kwamba alikosea. Kama yeye mwenyewe anajua somo, hilo silioni kwenye karatasi. Yule wa Tongaren naye karatasi zake zilikuwa safi."

Nilitarajia Nangila akasirike. Badala yake uso wake ulikunjuka.

"Hilo ndilo swali, Mwenyekiti. Na karatasi haiwezi kulijibu, iwe imeandikwa na mashine au kwa kalamu. Mpe darasa asilolijua. Achukuliwe simu yake mlangoni."

"Bungoma," Wakoli akasema papo hapo. "Mwaka wa kwanza wa bewa la Bungoma. Hawamjui, na mdomo wanao. Akishindwa, sifuri inabaki."

"Inabaki," Nangila akakubali.

Tulikwenda siku ya Alhamisi kwa gari la idara. Kigen aliketi nyuma kimya, mikono magotini. Simu alinikabidhi mimi kabla hatujatoka Kitale.

Darasa lilikuwa limejaa, na wanafunzi walikuwa wamesikia kwamba kuna mtu analetwa kupimwa, kwa hiyo walikuwa wameketi kama watazamaji wa mpira. Wakoli na Nangila walikaa nyuma, upande wa dirishani. Kigen aliwasha jiko, akaweka sufuria ya maji, akageuka.

"Hamjambo."

"Niaje!" sauti moja ikajibu kutoka katikati, na darasa likaangua kicheko.

"Poa," Kigen akasema, bila kutabasamu na bila kuudhika. "Kabla maji hayajachemka, nina swali. Nani hapa amewahi kupika maharagwe mlimani?"

Msichana mmoja wa safu ya mbele akainua mkono. Jina lake alisema ni Jentrix, na kwao ni Bokoli.

"Si mimi, ni dada yangu. Aliolewa huko kwenu Kapsokwony."

"Ehe?"

"Siku ya kwanza kuwapikia wakwe, akapika maharagwe vile mama alimfundisha. Kwetu Bokoli ukiyaweka motoni baada ya kukamua ng'ombe, saa ya chakula yako tayari. Akapakua. Baba mkwe akatafuna, akatafuna, akaweka sahani chini. Ati mama mkwe akauliza, 'Huko kwenu mnakula mbegu?'"

Darasa lilipiga kelele kwa kicheko. Jentrix naye alikuwa akicheka, lakini akamnyooshea Kigen kidole. "Na nyinyi shemeji zetu mlimcheka mwaka mzima! Alipiga simu akilia, ati maharagwe ya mlimani yamerogwa."

"Kwa niaba ya mlima naomba msamaha," Kigen akasema, akiinamisha kichwa. "Dada yako alipika sawasawa. Alipika kwa kipimo cha Bokoli. Mwambie maharagwe hayana kosa. Tutafute mwenye kosa."

Nilimwona Wakoli akiegemea mbele.

Kigen aliandika ubaoni majina mawili, Kapsokwony na Kitale, na mbele yake nyuzi alizopima. Chini akaandika Bungoma, akaacha pengo. Akawaambia wakisie. Wengi walisema mia moja. Yeye aliwauliza kama Bungoma iko juu au chini ya Kitale, kisha akawaacha wabishane wenyewe hadi mmoja akasema, "Basi lazima ipite ya Kitale, lakini isifike mia." Ndipo Kigen akaandika kando, kwa herufi ndogo, tisini na tano, akasema: "Hili ni kadirio langu. Msiliamini bado."

Maji yakatokota. Alimwita Jentrix asome. Kikasimama kwenye tisini na tano na kitu juu. Darasa likapiga makofi, lakini Kigen akainua mkono.

"Hicho 'kitu juu' hamkukiona? Mimi nilisema tisini na tano. Nimekosea kidogo, ama kipimajoto kimekosea kidogo, ama hewa ya leo si ya jana. Tutajuaje?"

"Tupime na kingine!" wakajibu.

Wakati wanapima, Wakoli aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu," alisema, na nilimwona Kigen akishtuka kuitwa hivyo, "kama moto ukiwa mkali zaidi, si maji yatapata joto zaidi, na maharagwe ya yule binti yaive?"

Mwenyekiti alikuwa amelipata jibu hilo kwa macho yake mwenyewe katika chai ya Kitale. Kigen hakujua hilo. Aliufungua moto hadi mwisho na kumwomba Wakoli aje mbele akisome. Mzee akaja. Kikawa pale pale.

"Moto wote huo unakwenda wapi, mzee?"

"Unageuza maji kuwa mvuke," Wakoli akasema polepole.

"Ndiyo maana yule dada alimaliza kuni na maharagwe hayakuiva."

Sauti ile ya "Niaje" ikarudi. "Na nikifunika sufuria niweke jiwe juu ya kifuniko? Shosho yangu hufanya hivyo."

Kigen alifikiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunyamaza tangu aanze, na kimya kilikuwa kirefu kiasi cha watu kuanza kunong'ona. Nilihisi simu yake mfukoni mwangu. Angekuwa nayo, jibu lingepatikana mara moja.

"Huyo nyanya yako ana akili," alisema. "Mvuke ukizuiwa, unayakandamiza maji, kama vile hewa ya huku chini inavyofanya. Kwa hiyo joto litapanda. Kwa kiasi gani, sijui. Jiwe lenyewe silijui, kifuniko silijui. Ningeweza kukuambia nambari yoyote ukaiandika. Lakini sitaki kukupa nambari ambayo sijaiona. Leta hilo jiwe, tupime."

"Sawa, mwalimu," yule kijana akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Tulipotoka nje, Kigen alisimama kando ya gari akiwa na chaki mikononi, akisubiri. Wakoli alizungumza na Nangila kwa muda chini ya paa la veranda, kisha wote wawili wakaja.

"Sifuri imeondolewa," Wakoli alisema. "Mengine atakuambia mwalimu wako."

Kigen alifunga macho, akayafungua.

"Umepita," Nangila akamwambia. "Lakini usifikiri umeng'ara. Safu mbili za nyuma hukuziuliza swali hata moja. Na ulipoongeza moto ulimwacha yule binti karibu mno na mvuke. Maungamo yako yana alama nzuri kuliko somo lako, na nataka iwe kinyume chake."

"Ndiyo, Madam."

"Na wale wenzako," Wakoli akaingilia, akimgeukia Nangila, "ambao maji yao yote yamechemka kwa nyuzi mia hapo Kitale? Kazi zao ziko mezani kwangu, safi, bila ungamo hata moja. Wale ndio niliotaka kuwapitisha."

"Warudishie. Waambie wapime."

Njiani kurudi, mwenyekiti aliketi mbele akiwa na karatasi gotini, na tangu Webuye hadi Misikhu walibishana na Nangila kuhusu amri mpya. Wakoli alitaka aadhibiwe atakayeficha kwamba ametumia mashine, asiadhibiwe aliyetumia. Nangila alitaka na wahadhiri wafungwe na sharti hilo hilo, kwamba mhadhiri atakayeandaa somo au kusahihisha kwa msaada wa mashine awaambie wanafunzi wake. Wakoli alisema wahadhiri watapiga kelele. Nangila alisema wapige. Wakoli aliguna, kisha akaandika.

Kigen alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, kichwa kimeegemea kioo. Tulipokaribia Kamukuywa aliamka kwa ghafla na kumwomba dereva asimame.

"Unashukia hapa?" Wakoli akamuuliza. "Si bweni lako liko Kitale? Nenda ukalale, kijana, umechoka."

"Nitapata pikipiki ya Kimilili hapa, Mwenyekiti, halafu nyingine ya kupanda nyumbani." Alikuwa tayari ameufungua mlango. Nikampa simu yake, akaitia mfukoni bila kuitazama. "Kidato cha tatu wana fizikia kesho asubuhi. Niliwaambia nikipita nitakuja."

Alivuka barabara kwa mwendo wake mrefu, akaanza kuongea na wenye pikipiki. Dereva akataka kuondoka. Wakoli alimwekea mkono begani, asubiri, na tukasubiri hadi tulipomwona Kigen amepanda na pikipiki imeelekea mlimani.